Karla: mlima wenyewe ndio dari, sasa mbavu za mbao walizifunga za nini?

#1 – Msafiri wa Deccan
Wakuu, heshima kwenu. Nipo Pune, India, mwaka wa tatu wa uhandisi wa ujenzi. Jumapili mvua ilipopumua kidogo tulidandia treni ya Lonavala, vijana watatu, tukapanda ngazi za mlima hadi pango kubwa la Karla.

Neno pango lenyewe linapotosha. Pale palikuwa na mlima wa basalti, jiwe jeusi la volkano, na watu wakauingia kwa tindo na nyundo hadi wakatoa ukumbi wa sala wa Wabudha, karibu mita 38 kwenda ndani na mita 14 hivi kwenda juu. Nguzo 15 kila upande, na nyingine 7 zimeizunguka stupa, yaani kuba la ibada la Wabudha, kule mwisho. Nguzo za pembeni zimekaa kama zimesimikwa ndani ya chungu, na juu yake tembo wamepiga magoti, wamepakia watu. Yote ni jiwe lilelile la mlima, halikuungwa popote. Kazi hiyo ni ya karne ya 1 BK hadi mwanzoni mwa ya 2.

Sasa inua macho. Dari imepinda kama mtumbwi uliofunikwa, na chini yake zimepangwa mbavu za mbao za mtiki, moja baada ya nyingine, toka mlangoni hadi juu ya stupa. Mbao za kale, si za ukarabati. Hazijabeba kitu, maana kilicho juu yake ni mlima unaojibeba. Nimesimama pale shingo ikaniuma. Waliziweka za nini?

#2 – Fundi Patasi
Karibu jukwaani mdogo wangu, swali zuri. Mimi ni seremala, Keko, mwaka wa 22 huu. Hizo unazoziita mbavu ni kenchi. Watu hao walizoea kupaua kumbi za mbao. Walipopewa kazi ya jiwe waliendelea kupaua, kwa sababu ukumbi usio na kenchi machoni mwao haujaisha. Mwenye nyumba akiingia asipoona kenchi atauliza, "Fundi, paa liko wapi?"

#3 – Kifusi wa Geita
Fundi, nakuheshimu, ila nakukatalia. Mimi ni mchimbaji. Ndani ya duara, yaani shimo la mgodi, tunaweka matimba, na si kila timba linabeba mzigo. Mengine yapo ili yakwambie. Mwamba ukianza kuteremka, mti unalia kabla jiwe halijaanguka, nawe unapata dakika ya kukimbia. Wale walikuwa chini ya mlima mzima. Naamini mbao zile zilikuwa masikio yao.

#4 – Msafiri wa Deccan
Mkuu Kifusi, hilo sikuliwaza kabisa, asante. Lakini hawakuchimba kama mgodi. Walianza juu. Walitoboa usawa wa dari, wakaimaliza dari yote hadi kuilainisha, ndipo wakateremka, nguzo zikitokeza kidogo kidogo toka kichwani hadi miguuni. Ndiyo maana hawakuhitaji jukwaa la kusimamia, jiwe ambalo halijakatwa ndilo lilikuwa sakafu yao. Haya yanaonekana kwenye mapango yaliyoachwa njiani, mfano namba 24 kule Ajanta, mapango mengine ya Wabudha. Kama mbao zilikuwa za tahadhari, zingehitajika siku ya kwanza, na siku hiyo mahali pa kuzifunga hapakuwepo bado.

#5 – Kifusi wa Geita
Kutoka juu kwenda chini, hapo umenifunga kidogo. Kidogo tu. Na kifusi walikipeleka wapi? Ukumbi wa mita 38, hilo ni jiwe jingi mno, na hakuna winchi.

#6 – Bi Shanga
Hamjambo nyote. Mimi wa Lamu. Nyumba yetu ya mawe ina dari ya boriti za mikandaa, na vyumba ni virefu vyembamba kwa sababu boriti ina mwisho wake, upana wa chumba hauzidi mita tatu hivi. Ndugu yangu alipojenga nyumba ya saruji miaka ya karibuni, zege likimruhusu upana wowote autakao, alijenga vyumba vyembamba vilevile. Kisha akamwita fundi amtilie boriti chini ya zege. Nilimuuliza, akanijibu, "Dada, bila boriti silali." Nami sikumcheka, kwani nilipoingia mle nilihisi nimefika kwetu.

Watawa nao walikuwa na kwao. Kumbi za mbao walizokutania mwanzo zimeoza zote, sura yake imebaki humo mlimani. Nasimama na Fundi, ila kwangu si mazoea ya mkono pekee. Ni mapenzi.

#7 – Mlinzi wa Kumbukumbu
Uzi mzuri sana huu. Niongeze historia: aliyeanzisha mambo haya ni mfalme Ashoka, karne ya 3 KK. Aliwachongea Wabudha wenzake mapango ya Barabar, Bihar, kwenye itale ngumu, na kuta za ndani zikang'arishwa hadi unajiona.

#8 – Dkt. wa Vumbi
Ndugu Mlinzi, mfalme umempata, wapangaji umewakosea. Maandishi ya Ashoka pale Barabar, ya mwaka wa 12 wa utawala wake, yanasema amewapa Waajivika. Hao walikuwa kundi lingine la watawa, wapinzani wa Wabudha kwa hoja, walioamini kwamba yote yamekwisha kupangwa na majaaliwa ya mtu hayageuki. Mjukuu wake Dasharatha naye akawapa mapango ya Nagarjuni, jirani na hapo. Kundi hilo limekufa, mawe yapo.

Na sikilizeni hili linalomhusu Fundi Patasi. Pango la Lomas Rishi, palepale Barabar, mlango wake umechongwa kwenye itale kama uso wa nyumba ya mbao: upinde wa juu, ncha za boriti zikitokeza, na mstari wa tembo wakizielekea stupa. Mbao zinaigwa kwenye jiwe tangu mwanzo kabisa wa kazi hii.

#9 – Mlinzi wa Kumbukumbu
Nimesahihishwa, shukrani daktari. Waajivika sikuwajua.

#10 – Kijana wa Mombasa Raha
Wadau mnahangaika na dari, mimi hata mlima wenyewe haujaniingia akilini. Si wangejenga nyumba kama watu? Mtawa hana mali, mlima mzima wa nini?

#11 – Dkt. wa Vumbi
Mvua, ndugu yangu. Wabudha walikuwa na kanuni ya miezi 3 ya masika: mtawa asitangetange njiani, asije akakanyaga mimea na vijidudu vilivyotoka na mvua. Atulie mahali pamoja. Milima ya magharibi ya India inapokea mvua isiyo na huruma, nyumba ya miti na nyasi haidumu. Jiwe halivuji. Nenda Kanheri, ndani ya hifadhi pale Mumbai, mapango zaidi ya 100. Karibu kila chumba kina kitanda cha jiwe, na nje kuna birika lililochongwa chini, na mifereji mlimani inayoongoza maji ya mvua. Waliikwepa mvua na wakaivuna hiyohiyo.

#12 – Mweka Hazina
Daktari, mvua sawa, lakini mvua hailipi fundi. Tazameni ramani. Karla na Bhaja zipo kwenye njia ya kupanda toka bandari za pwani kwenda nyanda za juu za Deccan. Junnar ipo karibu na kipito cha Naneghat. Nashik vivyo hivyo. Mapango yalifuata misafara, na wenye fedha walikuwa humo.

Naandika hivi kwa sababu ninatunza hesabu za kikoba chetu, na kuna andiko la Nashik, pango namba 10, ambalo nililisoma mara tatu usiku mmoja. Ushavadata, mkwe wa mtawala Nahapana, mnamo mwaka 120 BK hivi, aliweka kahapana 3,000, sarafu za wakati ule, kwa vyama vya wafumaji nguo. Kwa chama kimoja 2,000, faida asilimia 1 kwa mwezi. Kwa kingine 1,000, faida robo tatu ya asilimia. Mtaji hauguswi milele, faida tu ndiyo inaliwa. Na watawa 20 wanaokaa pangoni masika wapate kahapana 12 kila mmoja, za mavazi.

Pigeni hesabu: 2,000 kwa asilimia 1 ni 20 kwa mwezi, ni 240 kwa mwaka. Gawa kwa watawa 20. Ni 12 kamili! Hakuna senti iliyozidi wala kupungua. Zile 1,000 nyingine zinazaa 90 kwa mwaka, za matumizi madogo. Mtu aliketi na kukokotoa hili miaka 1,900 iliyopita, kisha akaagiza lichongwe ukutani ili mweka hazina ajaye asije akasema hakuambiwa. Kikoba chetu kiliwahi kupoteza akiba ya mwaka mzima kwa sababu makubaliano yalikuwa ya mdomo. Nililia niliposoma andiko lile, sioni haya kulisema.

#13 – Bi Shanga
Mweka Hazina, Mungu akuzidishie. Kwa hiyo watawa nao walikula riba?

#14 – Mweka Hazina
Faida ya amana, bibi. Walioilipa ni wafumaji, na wao walipata mtaji wa kununulia pamba. Neno gani tulitumie nawaachia wanazuoni.

#15 – Mlinzi wa Kumbukumbu
Hapo kwenye bandari nitarudi kwa tahadhari safari hii. Kile kitabu cha mabaharia cha karne ya 1, Periplus, kilichoandikwa kwa Kigiriki, kinazitaja Kalyan na Bharuch za India, na kinaitaja pia Rhapta, bandari ya kale ya pwani yetu. Kinasema mchele, samli, mafuta ya ufuta na vitambaa vya pamba vilitoka India hadi bandari za pembe ya Afrika. Mahali pa Rhapta bado panabishaniwa. Lakini bahari ni moja, na baadhi ya nguzo za Karla zina majina ya wafadhili walioitwa Yavana, jina ambalo Wahindi waliwapa Wagiriki na watu wa magharibi.

#16 – Dkt. wa Vumbi
Safi, hapo sina la kusahihisha. Ila Yavana hao walikuwa wakazi wa mji ulioitwa Dhenukakata, na majina yao kadhaa ni ya Kihindi. Wengine wanasema ni Wagiriki walioingia Ubudha, wengine wanasema neno lilikwisha kuwa jina la ukoo au la jumuiya. Msiwapige picha na ngao.

#17 – Jicho la Tatu
Mnazunguka tu. Tazameni Kailasa ya Ellora, hekalu zima la Kibudha limechongwa toka mlima mmoja. Binadamu na nyundo? Hapana. Kuna nguvu nyingine.

#18 – Dkt. wa Vumbi
Kailasa ni ya Shiva, mungu wa Wahindu, si ya Wabudha. Ellora ina mapango 34: namba 1 hadi 12 ya Wabudha, 13 hadi 29 ya Wahindu, 30 hadi 34 ya Wajaini. Kailasa ni namba 16, kazi ya karne ya 8 inayohusishwa na mfalme Krishna wa Kwanza wa Rashtrakuta.

#19 – Kifusi wa Geita
Na kuhusu nguvu nyingine, Jicho la Tatu, njoo nikuoneshe viganja vyangu. Nimekata mwamba kwa moko na nyundo kabla hatujapata mashine. Unapiga mifereji miwili, unabakiza donge katikati, unaling'oa. Kesho tena. Kwenye mapango ambayo hayakuisha mifereji hiyo inaonekana wazi, nimeitazama kwenye picha na niliitambua kama mwandiko wa mtu ninayemfahamu. Usiwanyang'anye watu wale jasho lao.

#20 – Jicho la Tatu
Sawa mzee, nimekusikia.

#21 – Mama Tembe
Nawasalimu kutoka Dodoma. Mmeongelea jiwe na mbao, udongo mmeuacha. Picha za Ajanta hazikuchorwa juu ya jiwe tupu. Walikandika kwanza! Udongo uliochanganywa na pumba za mpunga na nyuzi za majani, tabaka la chini likwaruze, la juu liwe laini, kisha chokaa nyembamba, ndipo rangi, ikiwemo buluu ya jiwe la lazuli lililotoka upande wa Afghanistan. Nimekandika tembe la mama yangu tangu nina miaka tisa. Jiwe lililochongwa kwa tindo na kuachwa na makovu linashika udongo vizuri kuliko lililosuguliwa. Kwa hiyo mkiona ukuta wenye makovu msidhani fundi alikuwa mvivu, alikuwa anamwachia mkandikaji mahali pa kushika.

#22 – Kijana wa Mombasa Raha
Mama Tembe, nimesikia Ellora walichanganya bangi kwenye udongo. Kweli ama ni porojo za vijiwe?

#23 – Mama Tembe
Kweli, mwanangu, utafiti wake ulitoka 2016. Walizikuta nyuzi zake kwenye kandiko la Ellora, pango la 12 la Wabudha, na kandiko la Ajanta halina. Wanadhani iliwafukuza wadudu, maana kandiko la Ajanta limeliwa zaidi. Kwetu tunatia samadi na majivu kwa sababu ileile. Usilete mengine hapa.

#24 – Mlinzi wa Kumbukumbu
Ajanta iligunduliwa na Mwingereza John Smith mwaka 1819 akiwinda chui milia.

#25 – Bi Shanga
Iligunduliwa na nani? Wanakijiji walikuwepo.

#26 – Dkt. wa Vumbi
Bi Shanga yuko sahihi. Smith alifika 28 Aprili 1819 na kukwaruza jina lake kwenye nguzo ya pango la 10, juu ya picha iliyochorwa na mtu mwingine. Wakazi wa bonde la Waghora walipajua siku zote. Hata Karla, mlangoni pa pango lile lipo hekalu la mungu mke Ekvira, na Wakoli, wavuvi wa pwani ya Mumbai, wanapanda kumwabudu. Mlima ule haukuwahi kuachwa.

#27 – Msafiri wa Deccan
Nathibitisha. Tulipanda ngazi pamoja na familia za wavuvi, wamebeba nazi na maua. Mama mmoja aliniona nashangaa akanikatia kipande cha nazi. Sikujua neno la Kimarathi la kumshukuru kwa heshima ipasavyo.

#28 – Mwana wa Tanga
Nimechelewa. Mapango yetu ya Amboni ni chokaa iliyoliwa na maji, hakuna aliyechonga. Ukitaka ndugu wa Karla Afrika, nenda Lalibela, Ethiopia, makanisa 11 yaliyokatwa mwambani. Nao waliiga majengo, madirisha ya Lalibela yana ncha za mbao za Aksum zilizochongwa kwa jiwe. Dini nyingine, milima mingine, tabia ileile.

#29 – Fundi Patasi
Mwana wa Tanga, umeniletea zawadi!

#30 – Dkt. wa Vumbi
Fundi, nikuongezee nyingine. Mlangoni pa Karla kuna andiko fupi: mlango huu ulifanywa na Sami mwana wa Venuvasa, seremala, wa Dhenukakata. Seremala! Na andiko jingine palepale, la mfanyabiashara Bhutapala wa Vaijayanti, linajivunia kwamba jumba hili la mwambani ndilo bora kuliko yote katika Jambudvipa, yaani nchi yote waliyoijua.

#31 – Fundi Patasi
Sami mwana wa Venuvasa. Nimeliandika jina lake kwa chaki ukutani hapa karakana. Mwenye pesa aliandika jumba ni bora, seremala akaandika mlango ni wake. Kesi imekwisha wakuu.

#32 – Kifusi wa Geita
Haijaisha. Andiko linasema mlango, halisemi dari.

#33 – Muadhini Mstaafu
Amani iwe kwenu. Nimesoma toka mwanzo. Hakuna aliyeuliza ukumbi ule unasikikaje. Jiwe tupu lililopinda linarudisha sauti hadi maneno yanapandana, nimesimama chini ya kuba nyingi, najua. Mbao zilizopangwa kwa nafasi zinaikata sauti ile. Watawa wale walisoma kwa kuimba, mbele ya stupa. Mleta mada, uliimba?

#34 – Msafiri wa Deccan
Mzee wangu, sikuimba, palikuwa na watu wengi. Ila mlinzi mmoja alitoa mlio mfupi wa koo kuwaonesha wageni, na ukazunguka nguzo ukaturudia mgongoni. Kama mbao zinaupunguza, basi bila mbao ungekuwa wa kutisha.

#35 – Mwana wa Tanga
Nadharia ya sauti ni tamu, lakini ina tatizo. Ajanta, pango la 19 na la 26, karne ya 5, mbavu zipo lakini zimechongwa kwa jiwe lenyewe. Ellora pango la 10 pia, baadaye zaidi, na wenyeji wanaliita kibanda cha seremala. Kama mbao ziliwekwa kwa ajili ya sauti, kwa nini wakaacha mbao na kubakiza umbo?

#36 – Muadhini Mstaafu
Mbavu za jiwe nazo zinavunja sauti, kijana. Si nyenzo pekee, ni mabonde yaliyo katikati yake.

#37 – Msafiri wa Deccan
Wakuu, nimerudi. Jana nilikwenda Bhaja, ng'ambo ya bonde kutoka Karla, unashukia stesheni ya Malavli. Ni ya zamani zaidi, karne ya 2 KK. Uso wake wa mbele uko wazi kabisa, na kwenye jiwe kuna matundu ya mraba ambamo boriti ziliingia. Uso mzima ulikuwa wa mbao, umeoza, matundu yamebaki. Mbavu za dari zipo.

Nilikuwa na timazi, uzi wa kushonea na kufuli dogo. Nikausimamisha pembeni ya nguzo bila kuigusa. Juu, uzi ulikuwa umekaribia nguzo. Chini, mguu wa nguzo ulikuwa umekwenda zake nje kiasi cha kuingiza ngumi na zaidi. Nikahamia ya pili, vilevile. Nguzo zote za Bhaja zimeegemea ndani! Kwenye ukumbi wa mbao hilo lina maana: paa lililopinda linasukuma nguzo nje, nawe unazilaza ndani zipambane nalo. Kwenye mlima hakuna kinachosukuma. Waliiga hata mwegemeo.

Lakini Karla, miaka 200 au zaidi baadaye, nguzo zimenyooka wima. Kwa hiyo walijua kwamba mwegemeo hauhitajiki, wakauacha. Na mbao, ambazo nazo hazihitajiki, hawakuziacha. Hapo ndipo nimekwama zaidi ya mwanzo.

#38 – Fundi Patasi
Ngumi na zaidi? Juu kwa chini?

#39 – Msafiri wa Deccan
Ndiyo fundi. Nguzo za upande ule zote.

#40 – Bi Shanga
Mwegemeo mtu hauoni akiwa amekaa anasali. Boriti anaiona.

#41 – Kifusi wa Geita
Au nguzo zilinyooka kwa sababu kizazi kilichochonga Karla kilikuwa cha wachonga mawe, si cha maseremala tena. Maseremala wakaja mwishoni kufunga mbavu, Sami akiwemo. Fundi, nusu ya kesi nakupa.

#42 – Dkt. wa Vumbi
Kuna pango la Bedse, kijana. Inawekwa katikati ya Bhaja na Karla kwa umri. Nenda na kufuli lako.

#43 – Msafiri wa Deccan
Nitashuka treni Kamshet, kutoka hapo nitatafuta pikipiki. Jumamosi, mvua ikiruhusu. Nitaweka vipimo vya nguzo moja moja humuhumu.